Kukoma hedhi: Mabadiliko yanayowatesa akina mama kimyakimya

ILIKUWA asubuhi ya mwezi wa Julai, ile baridi ya Nairobi inayowafanya watu wavae makoti mawili. Ndani ya matatu iliyotoka mtaa wa Umoja kuelekea katikati ya jiji, abiria walikuwa wamejikunyata na madirisha yote yamefungwa. Yote, isipokuwa moja. Kwenye kiti cha pili nyuma ya dereva, mama mmoja wa makamo alikuwa amesukuma kioo hadi mwisho, na upepo ukawa unawapiga waliokaa nyuma yake.

"Mathe, funga hilo dirisha, watu wanaganda huku!" makanga akapaza sauti.

Mama yule hakujibu. Alikuwa akijipangusa shingo na paji la uso kwa kitambaa, jasho likimtiririka kana kwamba ametoka kusonga ugali wa watu hamsini. Kijana mmoja akacheka. Mwingine akanong'ona kwamba huenda ni malaria. Baada ya dakika tatu hivi jasho likakauka, mama akaanza kutetemeka, akafunga dirisha mwenyewe na kujifunika shali.

Mama huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana umri wa miaka 49 na alikubali kuzungumza nami kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Si kwamba ametenda kosa lolote. "Haya ni mambo ambayo hata na dada yangu wa tumbo moja sijawahi kuyazungumza," akaniambia.

Masaibu yake yalianza mwaka mmoja na nusu uliopita. Alikuwa akiamka saa nane za usiku shuka ikiwa chepechepe. Mara ya kwanza alikwenda kupimwa malaria, akaambiwa hana, lakini akapewa vidonge vivyo hivyo. Mara ya pili alipimwa kifua kikuu kwa sababu ya lile jasho la usiku. Hana. Mara ya tatu alikwenda yeye mwenyewe kupima virusi vya Ukimwi, bila kumwambia mtu, akakaa kwenye benchi akisubiri majibu huku moyo ukimdunda. Hana pia.

Nyumbani mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Alihamia kulala kwenye chumba cha binti yake ili asimsumbue mumewe. Tendo la ndoa lilikuwa limegeuka kuwa maumivu, naye hakujua aanzie wapi kulisema. Mumewe alinyamaza kwa majuma kadhaa, kisha usiku mmoja akamuuliza: "Mama watoto, kuna kitu unanificha?"

"Swali hilo liliniumiza kuliko ugonjwa wowote," asema mwalimu huyo. "Nilijua anachofikiria."

Ni muuguzi mmoja katika zahanati ndogo ya mtaani aliyemfungua macho, tena kwa swali moja tu: "Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?" Mwalimu akahesabu kwa vidole. Miezi minne. Kabla ya hapo zilikuwa zikija kiholela, mara mbili kwa mwezi, kisha zinapotea. Katika safari zote tatu hospitalini, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nini hasa hutokea mwilini?

Msichana huzaliwa akiwa na hazina yake yote ya mayai, kati ya milioni moja na milioni mbili. Mengi hufa yenyewe hata kabla hajavunja ungo. Kadiri miaka inavyosonga hazina hiyo hupungua, na vifuko vya mayai hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii haihusiki na uzazi peke yake. Hufanya kazi kwenye ubongo, mifupa, mishipa ya damu, ngozi, kibofu cha mkojo na uke. Kwa hivyo inapopungua, mwili mzima hupata habari.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mama huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ikiwa hakuna sababu nyingine kama mimba au kunyonyesha. Lakini vurugu haingoji siku hiyo. Huanza miaka kadhaa mapema, wakati homoni zinapopanda na kushuka bila mpango. Wapo wanaokoma kabla ya miaka 40, na hao wanapaswa kumwona daktari bila kukawia, maana mifupa na moyo wao hukosa kinga mapema mno. Aliyeondolewa vifuko vyote viwili kwa upasuaji hukoma papo hapo, na dalili zake huwa kali zaidi.

Lile joto la ghafla lina maelezo yake. Katika ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili lisipande wala kushuka kupita kiasi. Estrojeni inapopungua, mlinzi huyo huwa mwepesi wa kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, ambalo zamani asingelijali, yeye hupiga king'ora kana kwamba nyumba inaungua. Mishipa ya damu ya ngozi hupanuka, moyo huenda mbio, jasho humwagika. Dakika chache baadaye mwili umepoa kupita kiasi na mama anatetemeka. Ndiyo maana mwalimu wetu alifungua dirisha, kisha akalifunga mwenyewe.

Hali hii hudumu kwa muda gani? Uchunguzi mmoja mkubwa uliofuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba nusu ya waliosumbuliwa na joto hilo mara kwa mara waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka saba. Kwa Wamarekani weusi muda huo ulifika miaka kumi. Kwa hivyo anayemwambia mama "vumilia kidogo tu, yatapita" huenda anamwambia avumilie kwa zaidi ya miaka saba.

Si joto peke yake

Wengi hudhani mambo haya ni jasho na basi. La hasha. Wako wanaokosa usingizi kabisa. Wako wanaoumwa viungo, wanaopatwa na mapigo ya moyo ya ghafla, wanaokwenda haja ndogo kila mara, au wanaolia bila sababu wanayoweza kuitaja. Kuna ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe adhabu. Na kuna usahaulifu.

Usahaulifu ndio uliomtia mwalimu wetu hofu kubwa kuliko yote. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa na sifa ya kuwajua wanafunzi wake wote kwa majina ifikapo juma la pili la muhula. Siku moja alisimama mbele ya darasa, akamnyooshea kidole msichana aliyemfundisha tangu Januari, na jina likamkataa. "Nilidhani akili zinaniondoka kama za nyanya yangu," anasema. Wataalamu wanaeleza kwamba ukungu wa aina hii katika umri huu ni jambo la kawaida, na kwa wengi haumaanishi mwanzo wa ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Ukosefu wa usingizi nao huuzidisha.

Ni kwa sababu hii watafiti waliacha kuhesabu dalili pekee, wakaanza kuuliza zinamharibia mama maisha kwa kiasi gani. Mwaka 1996 watafiti wa Canada walitoa orodha ya maswali 29 ambayo hadi leo hutumiwa katika nchi nyingi. Maswali hayo yako katika mafungu manne: joto na jasho, hali ya moyo na akili, hali ya mwili, na mambo ya unyumba. Mama huulizwa kama dalili fulani imempata, na kama imempata, imemsumbua kiasi gani. Wanawake wawili wanaweza kuwa na jasho lile lile, lakini anayefanya kazi nyumbani kwake akabadilisha nguo na kuendelea, huku yule anayesimama mbele ya wanafunzi au wateja tangu asubuhi akirudi nyumbani amechoka roho.

Jambo la kazi si dogo. Tangu mwaka 2009, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Kenya ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, mama aliyeajiriwa na serikali huyapitia mabadiliko haya yote akiwa kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua mama mjamzito na kumpa miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Kuhusu huyu wa miaka 49 anayetokwa na jasho nyuma ya meza, imekaa kimya.

Kimya kilitoka wapi?

Ukitafakari utaona ajabu moja. Msichana alipovunja ungo, jamii ilikuwa na mwalimu wake. Pwani alikuwapo somo au kungwi wa kumfunza. Bara walikuwapo nyanya na shangazi. Siku hizi yapo masomo shuleni na mashirika yanayogawa sodo. Lakini mlango huo huo unapofungwa, hakuna kungwi anayebisha hodi. Mama huachwa agundue mwenyewe, gizani, akiwa na shuka iliyolowa.

Isitoshe, kuna aibu. Wapo wanaoamini kwamba mwanamke aliyekoma hedhi "amekwisha". Ukweli ni kinyume. Watafiti waliokaa na Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990 waliona nyanya wakichimba mizizi kwa bidii kubwa na kuwalisha wajukuu, hasa wakati mama zao walipokuwa na watoto wachanga. Kutokana na hayo, baadhi ya wanasayansi wanaamini kwamba binadamu waliongezewa miaka hiyo baada ya uzazi kwa sababu nyanya ni nguzo ya uhai wa ukoo. Viumbe wengine wenye hali hii ni wachache mno, wakiwemo baadhi ya nyangumi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba hata sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, wanaweza kukoma uzazi na kuendelea kuishi kwa miaka mingi.

Tiba ipo, na ina historia yake

Tuseme wazi: kukoma hedhi si ugonjwa. Hata hivyo, anayeteseka ana haki ya kutibiwa, kama vile uchungu wa kujifungua usivyo ugonjwa lakini mama husaidiwa.

Tiba yenye nguvu zaidi dhidi ya joto na jasho ni kurudishiwa homoni, kwa vidonge, kibandiko cha ngozini au jeli. Mama ambaye bado ana kizazi hupewa estrojeni pamoja na homoni nyingine ya kukilinda, kwani estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ya kizazi.

Ni tiba iliyoogopwa sana, na woga huo una chanzo. Julai mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa baada ya kuonekana kwamba waliomeza homoni hizo mbili walipata saratani ya matiti zaidi ya wenzao. Habari zikaenea dunia nzima, na mamilioni ya wanawake wakatupa vidonge vyao. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba ongezeko lenyewe lilikuwa kama wanawake wanane zaidi kati ya 10,000 kwa mwaka, na kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, wengi wao wakiwa wamekoma hedhi zamani. Uchunguzi uliofuata umewafanya madaktari wengi kukubaliana kwamba kwa mama mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu akome hedhi, faida kwa kawaida huzidi hatari.

Hii haina maana kwamba kila mtu aikimbilie. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda kwa damu mishipani au kiharusi, mwenye ugonjwa wa ini, au anayetokwa na damu isiyojulikana sababu yake, hapaswi kuanza homoni bila ushauri wa daktari bingwa. Kwa hao zipo njia nyingine. Baadhi ya dawa zinazotumiwa kutibu huzuni, kwa kiasi kidogo, hupunguza lile joto. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mpya isiyo homoni inayomtuliza yule mlinzi wa ubongoni. Ukavu wa uke hutibiwa kwa mafuta maalumu ya kulainisha, au kwa estrojeni kidogo inayopakwa hapo hapo.

Mama aliyepita miaka 45 na mwenye dalili za wazi kwa kawaida hahitaji vipimo vya damu vya homoni, ambavyo ni ghali na hubadilikabadilika kila siku. Maelezo yake yanatosha. Jihadhari pia na wauzaji wa vidonge na unga "wa kusawazisha homoni" wanaozunguka sokoni na kwenye simu. Wengi hawawezi kukuambia kilichomo.

Unayoweza kufanya nyumbani

Vaa nguo za pamba, moja juu ya nyingine, ili uweze kupunguza joto likipanda. Tandika leso juu ya shuka. Ikilowa unaitoa bila kuamsha nyumba nzima. Chunguza kinachokuchokoza: kwa wengine ni pilipili, kwa wengine pombe, kahawa au chai ya moto sana. Sigara huzidisha mambo na huwafanya wanawake wakome hedhi mapema.

Mifupa itazamwe kwa makini, kwani hupoteza nguvu kwa kasi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Hapa jikoni mwetu hapana upungufu. Omena huliwa na mifupa yake, nayo ina kalsiamu tele. Uji wa wimbi unayo, maziwa na mala pia, kadhalika sukuma wiki na terere. Tembea kwa miguu, panda ngazi, beba mizigo ya kiasi, kwa maana mfupa usiotumiwa hudhoofika. Shinikizo la damu na sukari vipimwe kila mwaka, kwani hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka katika umri huu.

Usitupe mpango wa uzazi mapema. Mayai machache yaliyobaki bado yanaweza kuleta mimba. Ushauri wa kawaida ni kuendelea kujikinga mwaka mzima tangu hedhi ya mwisho kwa aliyepita miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini yake. Na wewe unayetumia sindano ya uzazi, kumbuka kwamba sindano yenyewe huweza kukata hedhi, kwa hivyo kutoona siku hakukuambii lolote.

Kisha kuna jambo ambalo haliruhusu mzaha. Mwanamke aliyekwisha kumaliza miezi 12 bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone moja, aende hospitali. Si "siku zimerudi". Inaweza kuwa jambo dogo, lakini inaweza pia kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi. Hii ya pili ilikadiriwa kuua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya katika mwaka 2020 pekee, na ikigunduliwa mapema hutibika. Vivyo hivyo, jasho la usiku linaloandamana na kikohozi, homa au kukonda lipimwe. Mwalimu wetu hakukosea kupima kifua kikuu. Kosa lilikuwa la waliomwona bila kumuuliza.

Neno kwa baba na watoto

Baba, ukiona mkeo amehamia chumba kingine, usianze kwa tuhuma. Muulize anaumwa wapi, kisha umsindikize kwa daktari. Akikueleza kwamba tendo la ndoa linamuuma, hajakukataa wewe, ameukimbia uchungu. Na wewe mwanafunzi unayeona mama siku hizi anafoka kwa jambo dogo, au anauliza swali moja mara tatu, usimcheke wala usimnunie. Huenda hajalala usiku wa tatu huu. Osha vyombo bila kuambiwa.

Mwalimu wetu alirudi nyumbani kutoka kwa yule muuguzi akiwa na karatasi ya kumpeleka kwa daktari wa akina mama, na jambo moja la kufanya kabla ya hapo. Watoto walipolala alimketisha mumewe sebuleni na kumweleza yote, tangu shuka ya kwanza hadi benchi ya kupimia Ukimwi. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe mama yangu pia alikuwa akilala nje kwenye mkeka, na sisi tulidhani amegombana na baba."

Kesho yake jioni alikisogeza kitanda chao karibu na dirisha.

Daktari amemwanzishia tiba, na jasho limepungua ingawa halijaisha. Majina ya wanafunzi sasa anayaandika kwenye kijidaftari mfukoni, na hamfichi mtu. Kwenye matatu bado huchagua kiti cha dirishani. Juzi makanga alipomfokea tena, alimjibu bila kugeuka: "Kijana, kamuulize mama yako, atakueleza."

Mficha uchi hazai, wahenga walinena. Nao waliokwisha kuzaa wana haki ya kusema.